Mwenye Ardhi, Mpangaji na Rufani: Habari za Mabaraza ya Tanga na Mrima wa Kaskazini

Katika miji ya Mrima wa kaskazini, yaani Tanga, Pangani, Mkwaja, Saadani na vijiji vilivyo baina yake, ardhi na kilichosimama juu ya ardhi havikuhesabiwa kuwa mali moja. Mnazi waweza kuwa wa mtu huyu, na udongo ulioushika ukawa wa mtu mwingine. Nyumba ya miti na makuti ni ya aliyeijenga. Kiwanja chake ni cha yule aliyempa ruhusa ya kujenga. Ndiyo maana mwenye shamba alipomwazima mgeni mahali pa kulima, alimruhusu kupanda mtama, mihogo na kunde, wala hakumruhusu kupanda mnazi au mwembe, kwa kuwa mti wa kudumu huzaa madai ya kudumu. Asiyelijua jambo hili hawezi kuyaelewa mashauri ya kodi na pango yaliyofika mbele ya mabaraza ya nchi hiyo kwa muda wa zaidi ya miaka mia. Ataona watu wawili wakigombea kitu kimoja, kumbe kila mmoja anadai kitu chake.

Kadhi wa Mrima alihukumu mambo ya ijara kwa madhehebu ya Shafi. Kwa madhehebu hayo mkataba wa ijara hauna budi kuwa na muda unaojulikana na malipo yanayojulikana. Nyumba ikianguka yote, ijara yake imekwisha. Lakini mwenye nyumba au mpangaji akifa, ijara haivunjiki, bali warithi huishika mpaka muda wake utimie. Hizo zilikuwa sheria zilizo wazi, na watu walizifahamu. Kilichokuwa si wazi ni njia ya kufuata mtu akishindwa. Juu ya kadhi hapakuwa na ngazi za mahakama kama zilivyojengwa baadaye. Aliyeona amedhulumiwa alivuka bahari kwenda Unguja akamlalamikie Sultani. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alikaa barazani akasikiliza mashauri ya watu mwenyewe. Rufani ya namna hiyo ilikuwa na kasoro nyingi. Ilitaka nauli, ilitaka subira, na maskini asiye na mtu wa kumwongoza huko ng'ambo alikuwa hana nafasi nzuri. Hata hivyo ilikuwa na sifa moja iliyo kubwa: kwa kawaida aliyeisikiliza hakuwa ndiye mwenye kiwanja kinachogombewa wala ndiye anayepokea kodi yake. Habari zinazofuata ni za jinsi sifa hiyo ilivyopotea, na jinsi ilivyokuwa kazi kubwa kuirudisha.

Barghash alikufa mwezi wa Machi 1888. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Aprili, ndugu yake Seyyid Khalifa alitia sahihi mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, akaipangisha pwani yote tangu mto Umba hata Ruvuma kwa muda wa miaka 50. Hakuuza; alipangisha. Kampuni ilipewa kutawala, kutoza ushuru wa forodha na kuweka mahakama, na yote hayo yafanywe kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake, naye apate mapato ya forodha baada ya kutolewa gharama na fungu la Kampuni. Kwa lugha ya mtu wa kawaida, Sultani alikuwa mwenye nyumba na Kampuni ikawa mpangaji. Waliokuwa wakikaa ndani ya nyumba hiyo, wenye minazi yao, mashamba yao ya miwa kando ya mto Pangani na viwanja vyao mjini, hawakuulizwa neno.

Kampuni ilishika pwani katikati ya mwezi wa Agosti 1888, na ugomvi wa kwanza mjini Pangani ulikuwa ugomvi wa masharti ya pango. Wakala wake, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya Kampuni ipandishwe pamoja na ile ya Sultani. Liwali, Abdulgawi bin Abdallah, alikataa. Mpangaji akaleta askari wa majini kutoka manowari ili kutimiza alichodai kuwa ni haki yake. Juu ya hayo yalikuja masharti ya kuandikisha mashamba, na watu wakatambua kuwa ardhi isiyokuwa na hati ingeweza kuangukia mikononi mwa Kampuni. Katika nchi ambayo haki ya shamba ilishuhudiwa na majirani na wazee, wala si kwa karatasi, sharti hilo lilimfanya kila mwenye shamba kuwa mtu wa kujitetea.

Kulalamika walilalamika. Lakini kwa nani? Mwenye nyumba wao ndiye aliyeitia sahihi ile karatasi. Jenerali Lloyd Mathews, amiri wa jeshi la Sultani, alifika Pangani mwezi wa Septemba, akamwokoa Zelewski na wenziwe waliokuwa wamezingirwa nyumbani mwao. Lakini alipojaribu kuituliza nchi kwa jina la Sultani, watu hawakumtaka. Kwao Sultani hakuwa tena hakimu. Alikuwa upande mmoja wa shauri. Yaliyofuata yanajulikana: vita ya Bushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka 1890 mpangaji akawa mwenye nyumba, kwa kuwa Ujerumani ilimlipa Sultani mark milioni nne na pwani ikawa yake. (Zelewski huyo huyo, ambaye bara waliko Wahehe walimwita Nyundo, aliuawa Lugalo mwaka 1891.) Vitabu vingi vimeieleza vita hiyo kama vita ya bendera au vita ya biashara. Yafaa pia kuihesabu kuwa ni shauri la upangaji lililokosa mahali pa kukatiwa rufani.

Chini ya Wajerumani jambo liliamuliwa kwa amri moja. Tarehe 26 Novemba 1895 ilitangazwa kwamba ardhi yote ni ya Serikali ya Kaisari, isipokuwa ile ambayo mtu binafsi, jumbe au jamaa ya wenyeji aweza kuonyesha haki yake. Mwaka uliofuata maofisa waliagizwa kwamba wenyeji wanapotengewa ardhi waachiwe walau mara nne ya eneo wanalolilima. Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kuanza. Ilianzwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902 na Mombo 1905, na kila ilipopita ilifuatwa na mashamba ya mkonge, zao ambalo miche yake michache iliyosalimika safarini ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani mwaka 1893. Mzungu mwenye shauri la ardhi alikuwa na mahakama ya Kaisari mjini Tanga, na juu yake mahakama kubwa Dar es Salaam. Mwenyeji alikuwa na akida, liwali na afisa wa wilaya, na afisa huyo ndiye mtumishi wa ile Serikali iliyojitangaza kuwa mwenye ardhi.

Waingereza walipoitwaa Tanga mwaka 1916 walirithi mambo haya, nao wakayapa sura ya sheria iliyo nzuri zaidi kusomwa. Amri ya Mfalme ya mwaka 1920 ilianzisha Mahakama Kuu ya Tanganyika, na tangu mwaka 1921 hukumu zake ziliweza kukatiwa rufani katika Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, na kutoka huko katika Baraza la Mfalme, London. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilisema kwamba ardhi yote ni ya umma, iko chini ya mamlaka ya Gavana, na mtu hupewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99 na kwa kodi. Mwaka 1928 iliongezwa kwamba haki hiyo ya kukalia ni pamoja na haki ya wenyeji wanaotumia ardhi kwa desturi zao. Mashamba ya Wajerumani yaliyotwaliwa vitani yaliuzwa, na yale yenye hati za umilikaji wa milele za zamani yalibaki na hati hizo. Basi katika wilaya moja ya Tanga alikuwapo mwenye shamba la mkonge asiyekuwa mpangaji wa mtu yeyote, na mwenye nyumba ya makuti aliyekuwa mpangaji wa Serikali mwaka kwa mwaka.

Mahali pa kuliona jambo hili vizuri ni Ngamiani, mtaa wa Waafrika ulio upande wa pili wa reli, uliopimwa kwa barabara zilizonyooka na kupewa hesabu badala ya majina. Mtu alipata kiwanja, akakilipia, akajenga nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Vyumba vile akavipangisha kwa makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli, na watu waliomaliza kipande katika mashamba ya mkonge wasitake kurudi kwao. Kwa hiyo mtu huyo mmoja alikuwa na nyuso mbili. Kwa waliomo vyumbani alikuwa mwenye nyumba. Kwa Serikali alikuwa mpangaji. Kodi ya kiwanja ikipanda, na kodi ya chumba hupanda. Kiwanja kikitakiwa, yeye hupoteza nyumba na wale sita au wanane hupoteza vyumba. Wale waliozoea kuwahesabu wenye nyumba wa Ngamiani kuwa watu wenye nguvu hawakutazama chini ya msingi wa nyumba.

Je, watu hawa wakigombana walikwenda wapi? Hapa ndipo penye kiini cha habari yenyewe. Gavana Sir Donald Cameron alitaka mabaraza ya wenyeji yawe sehemu ya utawala wake wa kuwatumia wakubwa wa wenyeji, wala si tawi la Mahakama Kuu. Jaji Mkuu, Sir Alison Russell, alipinga, akiona kwamba hukumu hazina budi kutazamwa na majaji. Cameron alishinda. Kwa Sheria ya Mabaraza ya Wenyeji ya mwaka 1929, rufani kutoka baraza la liwali au la jumbe haikwenda tena kwa jaji. Ilikwenda kwa afisa wa wilaya, kutoka kwake kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana mwenyewe. Mawakili hawakuruhusiwa.

Hapana shaka njia hiyo ilikuwa na faida zake. Shauri lilisemwa kwa Kiswahili mwanzo hata mwisho. Ada ilikuwa ndogo. Liwali aliwajua watu, na wazee walioketi naye walijua ni nani aliyepanda mnazi upi. Mashauri ya mpangaji wa chumba aliyechelewesha kodi ya miezi miwili yaliamuliwa upesi na pengine kwa haki kuliko ambavyo yangeamuliwa na jaji wa mbali. Lakini shauri la kiwanja lilikuwa jambo jingine. Bwana Shauri aliyesikiliza rufani asubuhi ndiye ambaye afisi yake ilisimamia viwanja na kupokea malipo yake, na juu yake alikuwako Gavana, ambaye kwa Sheria ya Ardhi ndiye mwenye mamlaka juu ya ardhi yote. Ngazi ilipandwa hatua kwa hatua, na kila hatua ilimkaribisha mpangaji kwa mwenye ardhi. Si lazima kudhani kwamba maofisa hao walikuwa wadhalimu. Wengi walikuwa watu wenye bidii na wenye kusikiliza. Kosa lilikuwa katika ujenzi wa ngazi, wala si katika tabia za waliosimama juu yake.

Tena sheria iliwagawa watu. Baraza la wenyeji lilikuwa la wenyeji. Mwafrika aliyepanga kwa Mhindi, akashitakiwa kwa kodi, alikwenda mbele ya hakimu aliyefuata taratibu za sheria za Kihindi, na rufani yake ilikwenda Mahakama Kuu, kwa Kiingereza, ambako asiye na wakili hakujua hata karatasi ipi hutangulia. Majirani wawili wa barabara moja, wenye ugomvi wa namna moja, walikuwa na njia mbili zisizokutana: mmoja alipata baraza analolielewa lakini lisilo na jaji mwishoni, mwingine alipata jaji mwishoni lakini katika lugha asiyoielewa.

Kwamba mpangaji wa kiwanja asiyeona njia barazani hutafuta njia barabarani, lilionekana Unguja. Ng'ambo ya mji huo kulikuwa na desturi ile ile ya nyumba ya huyu juu ya ardhi ya yule, na mwaka 1928 wenye nyumba walikataa kulipa kodi ya ardhi iliyokuwa imepandishwa. Kukawa na mashitaka, kufungwa na ghasia, na mwaka huo huo Serikali ya huko ikatunga amri ya kuzuia kodi hiyo isipandishwe ovyo. Katika Tanga halikutokea jambo kubwa namna hiyo, pengine kwa sababu mwenye viwanja vingi alikuwa Serikali, na Serikali haigomewi kwa urahisi kama mtu mmoja mwenye shamba.

Mwaka 1951 mabaraza yalipangwa upya. Rufani za mwisho zikatolewa mikononi mwa Gavana zikapewa Mahakama ya Kati ya Rufani, ambayo ndani yake alikuwamo jaji wa Mahakama Kuu. Ilikuwa nusu ya hatua, kwa kuwa afisa wa wilaya alibaki katika ngazi ya kati.

Waliofika kwa majaji nao hawakupata kila walichokitaka. Katika shauri la Mtoro bin Mwamba dhidi ya Mwanasheria Mkuu, lililotoka Dar es Salaam na kuamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1953, mwenyeji wa pwani alidai kwamba ardhi iliyokaliwa kwa muda mrefu na watu wake ni miliki yake kamili. Majaji walikataa. Walisema kwamba mwenyeji asiyekuwa na hati alikuwa na haki ya kuitumia ardhi, si ya kuimiliki, na wakairejea ile amri ya Kijerumani ya 1895. Habari hiyo ilisikika katika Mrima wote, kwa maana minazi ya Tanga na Pangani ilisimama juu ya haki za namna hiyo hiyo. Kwa hiyo si kweli kwamba jaji daima ni rafiki wa mpangaji. Lililo kweli ni kwamba hukumu ya jaji huandikwa pamoja na sababu zake, na sababu iliyoandikwa yaweza kujibiwa baadaye.

Nayo ilijibiwa, ijapokuwa baada ya miaka zaidi ya 40. Baada ya Uhuru mambo yalikwenda mbio. Rufani za London zilikoma nchi ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962. Mwaka 1963 hati za umilikaji wa milele, ambazo nyingi zilikuwa za mashamba ya mkonge ya Tanga, ziligeuzwa kuwa upangaji wa Serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kukalia. Mwenye mkonge na mwenye makuti wakawa sasa wapangaji wa mwenye ardhi mmoja. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika Julai 1964, iliunganisha zile njia mbili: mahakama ya mwanzo, mahakama ya wilaya, Mahakama Kuu, kwa watu wa rangi zote. Liwali akaondoka barazani, na mkuu wa wilaya akaondolewa katika ngazi ya rufani. Kwa mpangaji wa Ngamiani hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko yote yaliyopata kutokea tangu 1929, na halikupigiwa ngoma.

Hata hivyo mlango mmoja ulibaki umefungwa. Aliyetaka kuishitaki Serikali, na Serikali ndiye mwenye ardhi wake, alipaswa kwanza kupata ruhusa ya Serikali hiyo hiyo. Sharti hilo, lililorithiwa kutoka wakati wa ukoloni na kutiwa tena katika sheria ya mwaka 1967, lilidumu hata mwaka 1993, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipolitangua katika shauri la Kukutia ole Pumbun, kwa kuwa linapingana na Katiba. Mahakama hiyo yenyewe ilizaliwa mwaka 1979, baada ya ile ya Afrika ya Mashariki kuvunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Desemba 1994, katika shauri la Lohay Akonaay lililotoka upande wa Arusha, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenziwe waliamua kwamba haki ya ardhi ya kidesturi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba sheria haiwezi kumfungia mwananchi mlango wa mahakama. Wasomao hukumu za 1953 na 1994 pamoja wataona kwamba ya pili yaijibu ya kwanza.

Mashauri ya nyumba yalikuwa na mabaraza yake ya kodi chini ya sheria za 1962 na 1984, zilizomlinda mpangaji asitolewe bila sababu wala kupandishiwa kodi kupita kiasi. Ulinzi huo ulifutwa mwaka 2005. Kwa ardhi, Sheria ya mwaka 2002 iliunda ngazi mpya: Baraza la Kijiji, Baraza la Kata lenye wajumbe wanne hata wanane, watatu wao wanawake, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Aliyeshindwa kwenye Kata alipewa siku 45 za kukata rufani wilayani. Lakini Baraza la Wilaya liliwekwa chini ya Wizara ya Ardhi, na mwenyekiti wake aliteuliwa na Waziri, yaani wizara ile ile inayotoa hati na kutoza kodi ya ardhi. Waliokumbuka habari za Bwana Shauri walikuwa na haki ya kushangaa kidogo.

Mwaka 2021 Baraza la Kata liliondolewa uwezo wa kuhukumu, likaachiwa kazi ya kupatanisha tu. Wasipopatana ndani ya siku 30, mdai hwenda wilayani. Huko mwenyekiti huketi na wazee wawili wa baraza, na maoni ya wazee hao hayana budi kusomwa mbele ya wenye shauri kabla ya hukumu kutolewa. Sharti hili laonekana dogo. Lakini Mahakama ya Rufani imekwisha kutangua hukumu mara kadha wa kadha kwa sababu maoni hayo hayakusomwa, na wenye shauri, baada ya miaka ya kupanda ngazi, hurudishwa chini kuanza upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine.